Pigiana na pigania: kupanga viambishi vya kitenzi kwa programu inayojiita yenyewe

Tazama vitenzi viwili: pigiana na pigania. Hesabu herufi zake. Kila kimoja kina p moja, i mbili, g moja, a mbili na n moja; jumla saba, na zote ni zilezile. Hata hivyo marafiki hupigiana simu, na taifa hupigania uhuru, na hakuna anayechanganya mambo haya mawili. Kilichobadilika kati ya neno na neno ni mpangilio wa viambishi viwili vidogo tu: -i- ya kutendea na -an- ya kutendana. Katika pigiana, kutendea kumetangulia. Katika pigania, kutendana ndiko kumetangulia.

Mfano huu ndio ulionipeleka kwenye programu ya kompyuta, jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wanafunzi wenzangu wa kitivo cha lugha. Nilikuwa nakusanya vitenzi vilivyonyambuliwa kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, na daftari langu lilikuwa limejaa. Lakini daftari hueleza kilichopo tu. Haliwezi kuniambia ni mipangilio gani ya viambishi ingewezekana na haipo. Ili kuijua hiyo, kwanza nilihitaji orodha kamili ya mipangilio yote, iliyopo na isiyokuwapo, bila kuacha hata mmoja. Orodha ya namna hiyo ndiyo kazi ambayo programu inaijua vizuri kuliko mtu. Nitaeleza jinsi inavyoandikwa, kisha nitaonyesha kilichotokea nilipoilinganisha na Kiswahili chenyewe.

Tuanze na viambishi vyenyewe. Nimechukua vinne, na kila kimoja nimekipa herufi moja inayosikika ndani yake. S ni ya kutendesha (-ish-, -esh-), E ni ya kutendea (-i-, -e-), N ni ya kutendana (-an-), na W ni ya kutendwa (-w-). Herufi inasimama kwa kazi ya kiambishi, si kwa umbo lake. Kwa hiyo liza, chekesha na kumbusha vyote vina S, ingawa sauti zake hazifanani. Basi fundishana ni SN, yaani kutendesha kisha kutendana. Andikiwa ni EW. Pigania ni NE. Mzizi tunauacha nje, maana haubadilishi nafasi. Tunachotaka ni kila mpangilio unaowezekana wa mfuatano wa herufi SENW.

Ukijaribu kuandika mipangilio hiyo kwa kubahatisha, utafika kumi au kumi na miwili, halafu utaanza kujirudia na kusahau. Njia iliyo salama ni hii: chagua herufi ya kwanza, iandike, halafu panga zilizobaki. Na zilizobaki utazipangaje? Kwa njia ileile: chagua ya kwanza kati yake, iandike, panga zilizobaki. Unaendelea hivyo mpaka hakuna iliyobaki, na hapo una mpangilio mmoja uliokamilika. Kisha unarudi nyuma hatua moja na kuchagua herufi nyingine pale ulipokuwa umechagua ile ya mwanzo.

Hapo ndipo ulipo moyo wa somo zima. Kazi ya kupanga herufi nne imeelezwa kwa kazi ya kupanga herufi tatu, ya tatu kwa mbili, ya mbili kwa moja. Maelezo yanajirejelea yenyewe, lakini hayazunguki bure, kwa sababu kila mara kazi inapungua kwa herufi moja na mwishoni hakuna kitu cha kupanga. Sisi watu wa lugha tusione ajabu. Tunaposema kwamba sentensi inaweza kubeba ndani yake sentensi nyingine (Mama amesema kwamba mwalimu anadhani kwamba mtoto anaumwa), tunatumia maelezo ya aina hiyohiyo.

Katika lugha ya programu ya Python, maelezo hayo yanaandikwa kwa mistari mitano. Nimetunga amri niliyoipa jina panga. Inapokea vitu viwili: mbele, yaani herufi zilizokwisha kupangwa, na baki, yaani zile ambazo bado.

def panga(mbele, baki):
    if baki == "":
        print(mbele)
    for i in range(len(baki)):
        panga(mbele + baki[i], baki[:i] + baki[i+1:])

Maneno machache ya Kiingereza yaliyomo ni ya Python yenyewe na hayawezi kubadilishwa. Majina mengine yote ni yangu, na ningeweza kuyaandika kwa Kiluba au Kibemba bila kompyuta kulalamika. Mstari wa kwanza unatambulisha amri. Wa pili na wa tatu unasema: kama hakuna iliyobaki, andika ulichokipanga. Wa nne unapita kwenye kila herufi iliyobaki, moja baada ya nyingine. Wa tano ndio wenye uzito: unaihamisha herufi moja kutoka baki kwenda mbele, kisha unaiita panga tena, amri ikiwa ndani ya amri. Kile kipande baki[:i] + baki[i+1:] maana yake ni herufi zote zilizobaki isipokuwa ile tuliyoichukua sasa hivi.

Jaribu kwanza kwa herufi tatu, panga("", "SEN"). Kompyuta inaichukua S na kubaki na EN. Kutoka hapo inachukua E, inabaki N, inaichukua, na inaandika SEN. Inarudi hatua mbili, mahali palipokuwa na S mbele na EN nyuma. Safari hii inachukua N kwanza, kisha E, na inaandika SNE. Matawi ya S yamekwisha. Inarudi mwanzo kabisa na kuichukua E. Matokeo yote ni sita kwa utaratibu huu: SEN, SNE, ESN, ENS, NSE, NES. Ukifanya kazi hiyo kwa kalamu utaona kwamba umechora mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Nashauri kila mmoja auchore walau mara moja. Hauhitaji umeme, na ukishauchora hutausahau.

Kuhusu idadi sitakawia. Herufi mbili hutoa mipangilio 2, tatu 6, nne 24, tano 120, sita 720, kila mara ukizidisha kwa namba inayofuata. Kumi hutoa 3,628,800. Herufi zikijirudia, idadi hupungua: neno Lubumbashi lina herufi kumi, lakini u ni mbili na b ni mbili, kwa hiyo mipangilio tofauti ni 907,200, yaani robo ya ile ya kwanza. Programu yetu haijui jambo hilo na ingeuandika kila mpangilio mara nne. Dawa yake nitaitaja baadaye.

Mwanafunzi mmoja aliyeona programu hii aliniuliza kama inaweza kutunga maneno mapya ya Kiswahili kwa kuchanganya herufi za kawaida. Inaweza kuchanganya, ndiyo. Ipe lima na itakurudishia mipangilio 24, ambayo ndani yake utakuta lima, mali, mila, imla na lami, hiyo ya mwisho ikiwa ni kile ambacho wengi huku kwetu hukiita kwa jina lake la Kifaransa. Mingine kama lmai au ialm haina maana yoyote. Ni mchezo mzuri wa kuwafundishia watoto tahajia, lakini kwa mofolojia hautufikishi mbali, kwa sababu lima na mila hazihusiani kwa lolote ila kwa herufi. Pigiana na pigania zinahusiana. Ndiyo maana napanga viambishi, siyo herufi za neno.

Wazo la kuandika mipangilio yote, hata isiyotumika, lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, ambaye wengi husimulia kwamba alizaliwa Oman na ambaye alifundisha Basra, aliandaa kamusi ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Ayn. Ndiye pia mwasisi wa elimu ya mizani ya mashairi, ile ambayo washairi wetu huiita arudhi. Katika kamusi hiyo hakufuata utaratibu wa herufi tuliouzoea. Alizipanga sauti kuanzia zile za kooni, na ndipo jina la kitabu lilipotoka, maana herufi ya ayn ndiyo ya kwanza. Tena mzizi hakuuandika peke yake. Pamoja nao aliweka mipangilio yake yote: konsonanti mbili zina mipangilio 2, tatu 6, nne 24, tano 120. Chukua k-t-b, mzizi uliotupa kitabu, katibu na maktaba. Kwa utaratibu wa al-Khalil unakaa kundi moja na k-b-t, t-k-b, t-b-k, b-k-t na b-t-k. Kisha akaonyesha ni ipi inayotumiwa na Waarabu na ni ipi waliyoiacha.

Hiyo ndiyo hatua inayonivutia. Angeweza kuandika maneno aliyoyasikia tu, kama nilivyofanya mimi kwenye daftari. Lakini kwa kuorodhesha kwanza kila kinachowezekana, aliweza kusema kwa uhakika kwamba amemaliza, na kila pengo likawa na mahali pake.

Basi turudi kwa vitenzi vyetu. Nilianza na jozi. Viambishi vinne vikipangwa viwiliviwili hutoa jozi 12, na hizi nazo nilizipata kwa programu ileile. Saba zilijaa mara moja. SE ni fundishia, kama tunaposema lugha ya kufundishia. SN ni fundishana, SW ni fundishwa. EN ni andikiana, EW ni andikiwa. NS ni patanisha, unganisha, gombanisha. NE ni pigania, gombania, shindania.

Msomaji aangalie vizuri SN na NS, kwa sababu hapo mpangilio unaeleza jambo. Wanaofundishana walianza na kufundisha, kisha kitendo kikarudishwa kati yao. Anayepatanisha amewakuta watu ambao wangeweza kupatana, naye akasababisha wapatane. Kiambishi kilicho karibu na mzizi ndicho kilichofanya kazi kwanza. Mwanaisimu Mark Baker aliliandika jambo hili mwaka 1985 kama kanuni ya kioo: mpangilio wa viambishi ni taswira ya mpangilio wa hatua za kisintaksia. Pigiana na pigania zinaingia humo bila taabu. Katika pigania watu wanapigana kwanza, na -i- inaleta kile wanachokigombea. Katika pigiana mmoja anampigia mwingine kwanza, na -an- inafanya jambo liwe la pande mbili.

Jozi tano zilibaki: ES, NW, WS, WE na WN. Kwa mwanafunzi mwenye haraka, hizi ni za kutupa. Mimi naona kwamba hizi tano zilinifundisha zaidi kuliko zile saba.

ES, kutendea kukifuatwa moja kwa moja na kutendesha, Kiswahili hakiikubali. Kuna maneno yanayodanganya macho, kama potea na poteza au tembea na tembeza, ambayo yanaonekana kama -e- imepokea kiambishi cha kutendesha. Lakini hakuna kitenzi temba ambacho tembea ingekuwa kutendea kwake. Hiyo -e- ni sehemu ya shina, basi.

NW ina sababu nzuri. Kutendana humeza yambwa: ukisema Kabila na Ilunga wanapendana, hakuna tena wa kupendwa aliye nje yao. Kutendwa nako kunahitaji yambwa ya kuifanya kiima. Kwa hiyo pendanwa inakosa pa kukalia. Lakini ukiweka katikati kiambishi kinachorudisha yambwa, mlango unafunguka: maadui walipatanishwa (NSW), uhuru uliopiganiwa (NEW). N na W zinaweza kukaa katika neno moja, ilimradi zisigusane.

WS na WN nilikuwa tayari kuziwekea alama ya kufutwa, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kutendwa hukaa mwisho. Hapo nikakumbuka elewesha na elewana. Elewa ni kutendwa kwa elea, ile tunayoisikia bado katika jambo hili limenielea. Na kuna chelewesha, ambayo ni ya ajabu zaidi. Mzizi wake ni ule wa kucha, kwa maana ya usiku kuisha na asubuhi kufika. Chelewa asili yake ni kuchewa, kufikiwa na mapambazuko kabla hujamaliza ulichokuwa ukifanya. Ndani yake mna kutendea, mna kutendwa, kisha juu yake tumeongeza kutendesha: EWS, mpangilio unaovunja kanuni mbili kwa pamoja. Kwa nini Kiswahili kinauvumilia? Kwa sababu hakuna msemaji wa leo anayesikia mapambazuko ndani ya chelewa. Neno limefungwa, limekuwa shina, na -esh- inaliona kama shina lolote. Programu haingeweza kuniambia hilo. Ilichofanya ni kuniwekea mstari wa EWS mbele ya macho na kunilazimisha niutafutie neno, nami sikuwa na nia ya kulitafuta.

Sasa vyote vinne pamoja. Mipangilio 24 nikaichuja kwa kanuni tatu zilizopatikana katika jozi: W ikae mwisho, ES zisigusane, NW zisigusane. Hakuna haja ya kuandika 24 kwanza kisha kufuta. Ni afadhali programu iulizwe katika kila hatua kama tawi linafaa, na lisipofaa isiteremke.

def inafaa(mbele, baki):
    if "W" in mbele and baki != "":
        return False
    if "ES" in mbele or "NW" in mbele:
        return False
    return True

def panga(mbele, baki):
    if baki == "":
        print(mbele)
    for i in range(len(baki)):
        m = mbele + baki[i]
        b = baki[:i] + baki[i+1:]
        if inafaa(m, b):
            panga(m, b)

Bila kichujio, amri panga inaitwa mara 65 kwa herufi nne, ukihesabu na ule wito wa kwanza. Ikiwa na kichujio inaitwa mara 16. Kwa herufi nne tofauti hiyo ni ya dakika chache za kalamu. Kwa herufi nane au tisa ni tofauti kati ya kazi inayofanyika na isiyofanyika. Tazama pia tawi la NE. Linaanza vizuri, pigania, lakini likitaka kuendelea linakuta zimebaki S na W: S haifai kwa sababu ya ES, W haifai kwa sababu bado S ipo. Amri inarudi nyuma bila kuandika kitu. Ni njia isiyotoka, na programu inaigundua yenyewe.

Mistari iliyosalimika ni mitatu: SNEW, ENSW na NSEW.

Kwa wanaosoma isimu ya Kibantu, swali litakuja mara moja: iko wapi SENW? Mwaka 2003 Larry Hyman alionyesha kwamba katika lugha nyingi za Kibantu viambishi hivi huelekea kufuata utaratibu mmoja wa msingi: kutendesha, kutendea, kutendana, kutendwa. Kwa herufi zetu ni SENW hasa. Nao umeanguka kwenye kanuni ya NW. Tusiharakishe kusema kwamba Hyman amepingwa na mwanafunzi wa Lubumbashi. Yeye alieleza mwelekeo wa jumla ambao lugha huufuata pale maana isipoulazimisha mpangilio mwingine, na jozi zetu SE, SN, EN, SW na EW zinauheshimu kabisa. Ila jozi zilizo sahihi hazitoi lazima mnyororo ulio sahihi. Ukijenga fundishianwa, kila kiungo chake ukikishika peke yake unaweza kukitetea kwa kitabu, na bado sikio linakataa.

Na NSEW je? Huyo ni mwenyeji wetu. Ung-an-ish-i-w-a: unganishiwa. Nyumba zilizounganishiwa umeme, mtaa ambao haujaunganishiwa maji. Neno hili hulisikia kila mtu, redioni na barabarani, na sidhani kama wengi wamewahi kusimama na kuona kwamba limebeba kutendana, kutendesha, kutendea na kutendwa kwa mfuatano. Limeanza na N, kinyume cha mwelekeo wa msingi, kwa sababu maana ilidai hivyo: vitu huungana kwanza, mtu huviunganisha, humuunganishia mwingine, naye mwingine huyo ndiye anayeunganishiwa.

Hapo niliona jambo jingine kuhusu programu. Safari kutoka shina la mti hadi tawi la NSEW inapita kwenye N, NS, NSE, kisha NSEW. Ungana, unganisha, unganishia, unganishiwa. Kila kituo cha njiani ni neno kamili. Kumbe tunapochapa matawi ya mwisho tu tunatupa maneno mengi mazuri. Ukitaka yote, ondoa sharti la baki kuwa tupu na uache print(mbele) peke yake mwanzoni mwa amri. Kwa viambishi vinne bila kichujio utapata miundo 64: minne ya kiambishi kimoja, 12 ya viwili, 24 ya vitatu na 24 ya vinne. Mti wa programu na historia ya unyambuaji wa neno ni mchoro mmoja.

Zimebaki SNEW na ENSW, na hizi ndizo zinazonisumbua hadi leo. Hakuna kanuni inayozikataza. Sizisikii popote. ENSW ingekuwa andikianishwa: walimu wa shule mbili wanawafanya wanafunzi wao waandikiane barua, basi wanafunzi wameandikianishwa. Niliwapa wenzangu darasani hali hiyo kisha neno lenyewe. Walicheka, wakaelewa, na karibu wote wakasema kwamba wao wangesema walifanywa waandikiane. Sasa tuiandikeje? Si kosa kama pendanwa, maana waliielewa bila maelezo. Wala si neno la Kiswahili kama unganishiwa. Kwa SNEW kuna mtego: suala linalobishaniwa linaonekana kuujaza mstari huo, ila sh ya bisha ni ya shina, leo hakuna kitenzi kingine nyuma yake.

Kazi nyingi za mwisho wa masomo katika unyambuaji, na hapa nasema wazi, hukusanya mifano inayokubaliana na kitabu na kuishia hapo. Mistari kama ENSW haimo, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza. Ukiwa na orodha kamili, kila mstari unadai jibu: neno lipo, au limezuiwa na kanuni unayoweza kuitaja, au linaeleweka na halitumiki. Kwa hili la tatu usimuulize msemaji kama neno lipo. Atakujibu anachodhani kwamba mwalimu anakitaka. Mpe hali, umwache aieleze kwa maneno yake, kisha ndipo umtajie neno. Na umuulize ni Kiswahili kipi. Yote niliyoyasema hapa ni ya Kiswahili sanifu, kile tunachofanyia mitihani. Kiswahili tunachozungumza majumbani Lubumbashi kinastahili orodha yake chenyewe, na huenda kanuni zake zisiwe tatu, wala zisiwe hizi.

Nilisema nitataja dawa ya herufi zinazojirudia. Katika vitenzi tunaihitaji, kwa sababu kiambishi kimoja kinaweza kuja mara mbili: gombanishana ni NSN, watu wanaowafanya wenzao wagombane, kila mmoja dhidi ya mwingine. Ukiiita panga("", "NSN") kwa programu ya kwanza, utapata mistari sita ambayo tofauti ni mitatu tu: NSN, NNS na SNN. Ongeza mstari huu mara baada ya ule wa for:

        if baki[i] in baki[:i]:
            continue

Maana yake: kama herufi hii imekwisha kutangulia kati ya zilizobaki, iruke, maana tawi lake limeshatembelewa.

Kwa atakayetaka kuendelea, aongeze K ya kutendeka: someka, fungika, vunjika. Herufi tano, mistari 120, au miundo 325 ukichapa na vituo vya njiani. Mara moja utakutana na patikana, onekana, julikana na wezekana, zote zikiwa KN. Lakini hakuna kinachotendana hapo. Fedha zikipatikana hazipatani, na mlima ukionekana haumuoni mtu. Je, -an- hii ipewe N ileile au herufi yake yenyewe? Uamuzi huo lazima ufanyike kabla programu haijaanza, na kompyuta haitakuuliza. Mimi nimeipa R, kwa hiyo mfuatano wangu sasa ni SENWKR, wenye mistari 720, na ninaupitia kwa kalamu nyekundu nikiwa nimefika kwenye tawi la E.